Mninga wa Rangi ya Bluu

Morogoro, 4 Februari 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo Esnath naye mpe shikamoo yake, na umwambie vile viazi alivyonifungia Krismasi nimevila mpaka wenzangu bwenini wameanza kuniita Kiazi. Mimi ni mzima, ila joto la huku litaniua. Mtu aliyezaliwa Njombe hakuumbwa kulala bila blanketi.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu ya Mama Mdogo. Sijasahau ulivyomrudishia simu mkononi siku ile ukasema mambo ya ukoo hayaandikwi kwa kidole gumba. Haya, nimekutii. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Njombe, ataiacha pale stendi ya Makambako kwa yule dada wa chai.

Mama hajambo kidogo. Miguu bado inavimba jioni. Ameng'oa mahindi yote nyuma ya nyumba pale mtaa wa Ramadhani, amepanda miparachichi ishirini, maana siku hizi Njombe usipokuwa na mparachichi unaonekana mvivu. Na ameshaanza kufuma sweta la Baba la mwaka huu. Ni la kumi na sita sasa. Safari hii ni la bluu iliyoiva, kola nyekundu.

Sasa hoja yangu. Unajua nasoma shahada ya pili, na Dokta Faustine, msimamizi wangu, amenipa kazi ya kulinganisha nchi mbili: mbao ngumu zilizouzwa nje na Tanzania, na zile zilizouzwa nje na Zambia, thamani yake kwa dola, mwaka hadi mwaka kwa miaka ishirini. Nimechora mistari miwili kwenye karatasi moja. Inapanda na kushuka kama kawaida ya biashara. Ila mwaka 2009 nashindwa kuuelewa. Mwaka huo mstari wetu umezama ghafla, na wa Zambia umepanda kwa kiasi kilekile. Tena ajabu nyingine: wanunuzi wa ng'ambo wanasema mbao hizo zilitoka Zambia, lakini vitabu vya Zambia vinasema haikuuza kiasi hicho. Ni mbao ambazo hazikutoka kokote. Zinaonekana kwa mara ya kwanza Makambako.

Wewe mwaka huo ulikuwa kwenye ile yadi karibu na stesheni, unapaka rangi vichwa vya mbao: kijani zetu, bluu za Zambia. Nakumbuka ulivyokuja nyumbani na kucha za rangi mbili. Na ndio mwaka Baba alipopanda treni kwenda Zambia. Nisaidie, Baba Mdogo. Kulitokea nini pale?

Wako mtiifu (siku nyingine),
Peace


Makambako, 2 Machi 2024

Mwanangu Peace,

Kamwene! Marahaba, na marahaba ya Mama Mdogo wako pia, ambaye anasema Kiazi ni jina zuri, na kwamba ukiolewa ulipeleke kanisani. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, maharage yamekubali, ila upepo wa hapa unaujua, unaezua bati na kuomba msamaha kwa jirani. Mchungaji ametupa kazi ya kutengeneza mabenchi mapya ya usharika, na mimi kwa uzee wangu nimekuwa mwenyekiti wa mabenchi.

Barua yako imekaa kwa yule dada wa chai siku nyingi. Hapana, nisidanganye kwa jambo dogo, ilinifikia siku ya pili. Nilikuwa na kazi za mabenchi.

Hayo mambo ya mistari, mwanangu, mimi ni mtu wa darasa la saba. Lakini kaa ukijua kwamba karani ni binadamu. Anaamka na kichwa kinamuuma, jana alikunywa ulanzi, anaandika Zambia mahali pa Tanzania, na miaka kumi na tano baadaye mtoto wa watu anakosa usingizi Morogoro. Mninga ni mninga. Ukiukata kwetu Wanging'ombe unatoa utomvu mwekundu, ukiukata Zambia unatoa utomvu mwekundu. Ukishapasuliwa, hata aliyeuumba itabidi aangalie rangi ya kichwani ndipo ajue kwao ni wapi.

Tukizungumzia mninga, nina mbao tatu za mwaka huohuo. Nilizibakiza, nikazipanga stoo na vijiti katikati ili hewa ipite, nikasema zikikauka nitamtengenezea mama yako meza. Hazijakauka. Mbao hukauka mwaka, ukizidi sana miwili. Hizi kila Januari nazipima kwa mzani wa viazi, na uzito ni uleule wa siku ya kwanza. Fundi Remmy alizigusa akajifuta mkono kwenye suruali, akasema Baba Amon, hizi zimekatwa jana. Nikacheka, naye akacheka, tukafunga mlango.

Nakushauri uanze kazi yako mwaka 2010. Ulikuwa mwaka mzuri, hauna maneno.

Baba yako mdogo,
Amon


Morogoro, 17 Machi 2024

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Pole na mabenchi. Hapa mvua imeanza, na mimi mafua yamenishika, lakini nakula.

Umenichekesha na karani wa ulanzi. Lakini karani mmoja hawezi kulewa tangu Aprili mpaka Agosti bila kupata nafuu hata Jumapili. Dokta Faustine nilipomwambia nataka kuanzia 2010 alinitazama juu ya miwani, akasema mwaka unaotaka kuukimbia ndio huohuo utakaouandika. Kwa hiyo nimeshikwa.

Nimepata rafiki Lusaka anayefanya kazi kama yangu. Amenitumia nakala za kitabu cha mizigo cha Kasama, kituo kilekile ambako Mama amekuwa akisema Baba alikuwa akipakilia mbao. Nimekisoma ukurasa kwa ukurasa. Aprili hadi Agosti 2009 halikutoka behewa hata moja la mninga. Mahindi yapo, shaba ipo, mninga hakuna.

Baba Mdogo, sitaki kukukosea adabu. Lakini ni wewe uliyemwambia Mama kwamba kaka yako Yoeli amepata kazi ya mbao Zambia, na kwamba mizigo yake unaiona inapita. Ni wewe unayemletea salamu kila mwaka: Geofrey wa kwenye treni amemwona, hajambo, ameshukuru kwa sweta, bado hajapata nafasi ya kuja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nimekua nikizila hizo salamu kama chakula. Kama mizigo haikuwepo, Geofrey alikuwa anamwona nani?

Basi nimeamua. Juni naenda Zambia kukagua vitabu, na nikifika Kasama namtafuta Baba. Mama si mjane, si mke. Wanawake wa usharika hawajui wamweke benchi gani. Nataka nimletee jibu moja tu, yu hai au amekufa. Sweta la mwaka huu nimemwambia akuletee kama kawaida ulitume, nisije nikalikuta huko limenitangulia na mwenyewe sijamwona!

Peace


Makambako, 5 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima.

Mama yako alikuja wiki iliyopita na sweta. Alishuka kwenye basi miguu imevimba, akakataa chai, akaniambia, "Shemeji, mwaka huu nimeongeza mikono kidogo, mtu akizeeka anasikia baridi kwenye viganja." Nikalipokea.

Alipoondoka Esnath aliingia stoo kutafuta debe. Hajawahi kuingia kule, mimi ndiye ninayekaa na ufunguo, ila siku hiyo nilisahau mlango wazi. Akatoka ameshika mkono wake mbele. Kiganja chote chekundu. Alidhani amejikata. Tukaosha, hakuna jeraha. Akaniuliza, Amon, hizi mbao ni za nini? Nikafunga mlango wa stoo, na tangu siku hiyo ananiandalia chakula na kwenda kukaa kwa jirani.

Peace, usiende Zambia. Safari ni ndefu, mafua yako bado. Watu wa kule hawakujui. Baba yako akitaka kurudi atarudi mwenyewe.

Usiende.

Amon


Morogoro, 12 Mei 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo asalimiwe.

Barua zako zilikuwa na vichekesho, hii haina hata kimoja. Nimeogopa. Ndiyo, nimeogopa, naandika hivyo wazi kwa sababu wewe ndiye uliyenilea baada yake, ukanilipia shule, ukanifundisha kunoa panga. Sina mwingine wa kumwogopa wala wa kumwamini.

Nakuuliza swali moja. Baba alipanda treni, au hakupanda?

Treni yangu itatoka Dar tarehe 14 Juni, maana kibali changu cha utafiti nakichukulia huko. Itapita Makambako Jumamosi mchana. Njoo stesheni unijibu. Nitakaa dirishani upande wa kushoto. Ukisema hakupanda, nitashuka palepale na begi langu.

Peace


Makambako, 15 Juni 2024

Peace mwanangu,

Nilikuwepo. Nilisimama nyuma ya wauza karanga na koti langu la mvua. Nilikuona dirishani, umevaa kitambaa cha njano, unatazama kila mzee anayepita. Umefanana naye mpaka nikavuta kofia ya koti usoni. Filimbi ikalia. Wewe ulikuwa bado unatazama. Nisamehe kwa hilo kwanza, kisha tuone kama mengine yana msamaha. Barua hii inakuja na Geofrey.

Hakupanda.

Unaujua msitu wa makaburi ya ukoo wetu, kule Wanging'ombe. Hakuna anayekata mti pale, babu zetu wamelala chini yake. Aprili ile 2009 upepo wa masika uliung'oa mninga mkubwa kuliko yote. Ulilala chini na mizizi yake yote, na pale ilipotoka mizizi pakabaki shimo la kuingia mtu. Tajiri wa yadi alikuwa ananunua mninga usio na kibali, anatupa sisi tupake bluu, unaondoka kama wa Zambia. Msimu mzima ule tulifanya hivyo. Huo ndio mwaka wako uliozama, mwanangu. Niliuzamisha kwa brashi, mimi na wenzangu watatu.

Nikamwambia kaka Yoeli, mti huu hatukuukata, umeangushwa na Mungu, tuuze. Ulikuwa unaanza sekondari mwaka unaofuata. Akakubali, ila akasema lazima tuombe ruhusa kwanza kwa wenyewe. Baba yako alikuwa mzee wa kanisa, unakumbuka. Mzee wa kanisa kuonekana akitambika, akimwaga unga wa ulezi makaburini! Kwa hiyo akachukua unga wake kwenye kitambaa, akashuka ndani ya lile shimo nyuma ya mizizi, ambako hata anayepita njiani asingemwona.

Sasa sikiliza, maana wewe hujawahi kupasua mbao. Mti ukianguka na mizizi yake, uzito wa shina ndio unaoishikilia mizizi juu. Ukikata shina, uzito umekwisha, na kisiki chenye mizizi yake husimama tena na kurudi shimoni. Hurudi ghafla. Kila mkata mbao anajua, hukai nyuma ya kisiki. Lori lilikuwa njiani. Mimi nilikuwa upande wa pili na chenso, ule msumeno wa injini. Nilidhani amemaliza, nilidhani ameshatoka. Nikakata. Kisiki kikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina, na shimo likajifunga.

Nilizima chenso nikaita. Kimya. Nikajiambia ameondoka zake. Siku zote alikuwa anasema siku moja atakwenda Zambia, kuna kazi. Nikapakia, nikaenda yadini, nikapaka bluu. Jioni mama yako aliponiuliza Yoeli yuko wapi, mdomo ukasema kile mkono ulichoshinda ukiandika. Nikasema Zambia.

Masweta yote kumi na tano yako kwenye sanduku la bati stoo. Geofrey hajawahi kubeba hata moja. Leo nililifungua niweke la kumi na sita. Peace, mimi ndiye mwenye ufunguo, hakuna mtu aliyeyavaa. Yote kumi na tano yametoboka viwiko. Mifukoni kuna unga wa msumeno.

Amon


Kasama, 20 Juni 2024

Baba Mdogo,

Hukuja stesheni. Haya. Nimefika salama, nimepata chumba kwa mama mmoja wa kanisa, anaitwa Paskalina, na baridi ya huku inakaribia ya nyumbani. Sijapata neno lolote kutoka kwako, lakini siwezi kungoja, lazima nikuandikie.

Amepatikana! Yaani bado sijamwona, ila wanamfahamu. Jirani na stesheni kuna karakana ya mbao, na msimamizi wake ni mzee Steven, anajua Kiswahili cha watu wa reli. Nilimwonyesha picha ya Baba, ile ya kipaimara changu ambayo amesimama nyuma ameshika kofia. Akasema mara moja, "Huyu si Mtanzania wetu?"

Anasema huja kila mwaka baridi ikianza. Hajui anashukia wapi. Asubuhi wanafungua geti, wanamkuta ameshaanza kupanga mbao, ubao na vijiti, ubao na vijiti, kwa ufundi ambao hapo hakuna mwingine mwenye nao. Haongei. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Ukimpa mshahara haunyooshei mkono. Mvua ya kwanza ikidondoka hawamwoni tena. Wanamkumbuka kwa masweta yake, kila mwaka jipya, la kufumwa kwa mkono. Mwaka jana kijivu chenye mistari myeupe. Mwaka juzi kahawia. Baba Mdogo, nililia mbele za watu. Mwaka jana Mama alifuma la kijivu lenye mistari myeupe, mimi ndiye niliyenunua uzi!

Kuna mambo mawili sijayapenda. La kwanza, mzee Steven aliishika ile picha muda mrefu akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia 2009. Akasema hajabadilika hata kidogo, hata unywele. La pili, marundo anayoyapanga yeye hayakauki. Wamejaribu kuyaanika juani, wamejaribu kuyahamisha. Alinionyesha la mwaka jana. Niliweka mkono.

Mwaka huu bado hajafika. Wanashangaa, kwa kawaida mwisho wa Mei yupo. Nimewaambia nitamngoja. Kila asubuhi nipo getini kabla ya wafanyakazi. Na nitakaa mpaka aje, hata kazi ya Dokta Faustine ikinishinda.

Peace


Kasama, 2 Julai 2024

Baba Mdogo,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa nimekaa kwenye lile rundo.

Nimemuuliza mzee Steven rangi za masweta, moja moja, kurudi nyuma mpaka anapokumbuka. Zimetimia zote. Ulimtuma Zambia kwa mdomo, Baba Mdogo, naye akaja. Hakuliliwa, hakuzikwa, kwao wanasema yuko Kasama. Mtu wa namna hiyo angekwenda wapi kwingine? Amefanya kazi miaka kumi na tano mahali ulipomwandika.

Nadhani mwaka huu hakuja kwa sababu umesema ukweli. Au kwa sababu sweta la kumi na sita limechelewa kuingia sandukuni. Sijui, na sitaki kujua.

2009 nitauandika kama ulivyokuwa, pamoja na yadi na brashi. Lakini hilo ni la baadaye. Kwanza ni Mama. Narudi na treni ya wiki ya tatu ya mwezi huu. Nenda Njombe ukamwambie, wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule. Nikifika nikakuta hajui, nitamwambia mimi, na sitakuita Baba tena maisha yangu yote, wala Mdogo.

Peace


Njombe, 14 Julai 2024

Peace mwanangu,

Naandikia mezani kwa mama yako, hapa Ramadhani. Barua hii nampa Geofrey akukute huko kabla hujapanda, ili usisafiri na wasiwasi. Amejua. Nimemwambia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amepiga magoti anapalilia miparachichi, na ukungu umeshuka mpaka sioni uzio. Nilimsalimu, akaitikia, akaniuliza habari za Esnath. Nikasema Esnath yuko kwa dada yake, hajambo. Akauliza habari za mabenchi. Nikajibu habari za mabenchi. Kisha nikavua kofia, nikasema, "Shemeji Hyasinta, Yoeli hakwenda Zambia." Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia wewe, mti, unga, chenso, lori. Hakuacha kupalilia. Nilipomaliza alikuwa amefika mche wa nne.

Wazee wa ukoo wamekubali. Jumamosi ijayo tunakwenda Wanging'ombe, na Mchungaji atakuwepo, na hakuna atakayemficha mwenzake kuhusu unga. Kile kisiki kimechipua mwanangu, kimekuwa mti mzima tena. Watu kumi watakichimbua kwa majembe, chenso haitaingia. Tutakungoja ufike ndipo tuchimbe. Mama yako anataka uwe wa kwanza kumwona. Baada ya hapo mimi nitakwenda kujieleza kituo cha polisi. Mchungaji atanisindikiza.

Lakini kuna jambo moja, na hili sikukuandikia. Nilikuandikia kwamba nilipozima chenso kulikuwa kimya. Nilishalisema hilo moyoni mara nyingi mpaka nikaliona ni kweli. Mama yako aliposhika mche wa nne alikaa chini kwenye udongo, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Akaniuliza, "Aliita?"

Nilitaka kusema hapana. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikaona viganja vyake, na udongo, nikashindwa. Nikamwambia, ndiyo, shemeji, aliita. Nilikuwa na mikono na panga tu, nilichimba kidogo, nikasikia honi ya lori barabarani. Nilijua wakimkuta pale, tumekwisha wote, msitu wa ukoo, mbao bila kibali, mzee wa kanisa na unga. Nikasema nitawapokea wale kwanza, nipakie haraka, wakiondoka nitarudi. Nilirudi saa kumi. Hapo ndipo kulikuwa kimya.

Mama yako hakulia. Akauliza alikuwa anaita anasema nini, kama aliomba msaada, au alimtaja yeye, au wewe.

Nikamwambia hakuomba msaada. Kule chini hakujua kilichotokea, alidhani mti umeniangukia mimi. Alikuwa anauliza, "Amon, umeumia? Amon, mdogo wangu, umeumia?" Nami sikumjibu.

Amon